Herufi Tano za Mkuu wa Bodi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu (neno tamu, naliandika tena: mume wangu) kanisindikiza hadi mlango wa ofisi ya uhasibu, kisha kavuka uwanja kwenda karakana yake ya umeme. Namwona kutoka dirishani. Ila mhasibu mkuu katangaza: misimbo ya hesabu ya chuo, yale mafumbo ya kutambulisha kila idara, inasukwa upya. Sisi makarani wawili tulete mapendekezo. Atakayeshinda anabaki kuisimamia. Atakayeshindwa anahamia kampasi ndogo ya kilimo, mwendo wa saa tano kwa basi. Bila dirisha langu! Mwenzangu, tunayemwita Bi Rula maana hupiga mistari hata kwenye bahasha, tayari anachonga penseli.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Msimbo wa sasa una tarakimu kumi na nane. Nani anazikumbuka? Nitatumia herufi za kwanza. Kitivo cha Uhandisi, Karakana ya Umeme: KUKU! Nikampigia laazizi, nikambusu kwa simu. Bi Rula akauliza kama nina homa. Wivu huo!

Jumatano, 5 Machi
Jaribio. Laazizi kaagiza balbu arobaini kwa msimbo wangu. Mtunza stoo kasoma KUKU, kazituma moja kwa moja kwenye mabanda ya kuku, kampasi ya kilimo. Msaidizi wake naye kafuata orodha yangu, kaona chakula cha KUKU, kaleta magunia sita karakana. Laazizi akasema nakupenda mke wangu, lakini haya hayawaki. Mcheshi jamani! Kosa ni la stoo.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao. Bi Rula kasoma tarakimu zake, watu wakapiga miayo. Zamu yangu nikabandika ukutani karatasi kubwa yenye misimbo yangu yote. Kicheko! Nikainama kushukuru. Hapo Mkuu wa Bodi ya Uchumi, Zabuni na Idhini akasimama, akanyooshea kidole msimbo wake, akauliza: binti, mimi ni MBUZI? Nikamjibu kwa adabu zote kwamba ni kwenye hesabu tu, mzee.

Ijumaa, 7 Machi
Barua ya uhamisho. Nimelowesha leso mbili. Bi Rula kanizawadia rula yake ya akiba. Nimeipokea huku nimeangalia pembeni. Kisha laazizi kaja mbio, naye ana barua! Balbu zimefika mabandani na hakuna wa kuzifunga. Anahamishiwa huko huko naye! Kumbe mpango wangu ulikuwa sawasawa tangu mwanzo.

Jumatatu, 10 Machi
Kampasi ndogo. Dirisha langu hapa, banda pale. Laazizi yuko juu ya ngazi, ananipungia bisibisi, kuku wote wanamtazama. Nawaelewa. Misimbo ya hapa ni aibu, tarakimu tupu! Nimeanza na bosi mpya, Profesa wa Ufugaji, Nafaka, Dawa na Afya. PUNDA! Ni mtu wa mifugo, atafurahi. Nimeshaubandika msimbo wake mlangoni kwake.