Spika za Rashidah na Televisheni Isiyo na Tundu

Jumatatu, 5 Agosti

Televisheni mpya imefika Wanyange! Binti yangu Jaliah ameileta mwenyewe kutoka mjini Jinja. Nyembamba kama chapati. Picha safi, unaona hadi jasho la msoma habari. Sauti? Inanong'ona tu. Jaliah anasema sauti ipo, tatizo ni masikio yangu. Masikio yangu hayana neno. Ni watu wa siku hizi wanaomumunya maneno.

Dawa iko wazi: spika za Rashidah. Marehemu mke wangu alizichagua mwenyewe dukani Mbale. Aliweka kiganja juu ya kitambaa cha mbele ya spika, akasema hizi zinapumua. Ni mbili, za mbao, zinanifika kiunoni. Juu ya ile ya kushoto kuna duara jeupe la kikombe chake cha chai. Halifutiki. Sijajaribu kulifuta.

Balaa! Jaliah ameshamwahidi Khainza, dada wa Rashidah. Jumamosi shemeji yangu huyo anakuja kutoka Mbale kuzichukua. Mwanawe Gidudu anatahiriwa mwaka huu na sherehe ya imbalu haifanywi kimya. Nimekataa. Jaliah akasema haya baba, zikizungumza na televisheni kabla Khainza hajafika, zitabaki. Zisipozungumza, ziende. Nimekubali papo hapo. Kazi ndogo!

Jioni. Waya za amplifaya zina pini za duara, nyekundu na nyeupe. Televisheni haina tundu la duara hata moja. Ina tundu dogo la mraba lenye kimlango, ndani taa nyekundu. Nyekundu kwa nyekundu! Nikasukuma. Kimlango kimetumbukia ndani. Hakikuwa na kazi.

Jumanne, 6 Agosti

Mbale na kurudi. Duka lile lile, sasa la Siraj, mtoto wa aliyetuuzia spika. Kabla sijamaliza kueleza, kisanduku kilikuwa tayari mkononi mwangu. Akasema hiki ndicho, Mzee Muzafaru, kinageuza mwanga wa ile taa kuwa sauti. Nikamwombea dua.

Nyumbani: kinageuza sauti kuwa mwanga. Mimi nahitaji kinyume. Nikampigia simu. Siraj akasema nikigeuze tu, maji ya bomba hupita upande wowote. Nikakigeuza. Kimya. Nikakilaza chali. Kimya. Siraj ni mtu wa kuaminika, kwa hiyo kosa ni la televisheni.

Jirani yangu Afande Romano, mstaafu wa magereza, alikuwa anachungulia juu ya ua. Akapaza sauti: "Mzee, hiyo maspika iko kifungo cha maisha! Haitatoka!" Nikaingia ndani. Mtu mwenye mpango hajibu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata! Wazo limenijia nikitawadha. Amplifaya ina tundu la maiki, na maiki ninayo. Rashidah aliitumia kuniita nikichelewa kwenye mazungumzo ya barabarani: "Baba Jaliah, chai inapoa!" Wanyange nzima ilijua hali ya chai yangu.

Nimeifunga maiki kwenye bakora, bakora nimeisimika kwenye ndoo ya mchanga, ndoo nimeiweka mbele ya televisheni. Televisheni inanong'ona, maiki inasikia, spika zinasema. Nani anahitaji matundu?

Mwanzo spika zilipiga yowe hadi kuku wakapanda juu ya paa. Zilikuwa karibu mno na maiki. Nikachomoa ya kushoto. Ya kulia nimeitoa verandani, imeelekea barabarani. Khainza ataisikia kabla hajaliona lango. Ya kushoto inabaki kando ya kiti changu, kazi yake kushika kikombe.

Alhamisi, 8 Agosti

Inafanya kazi vizuri mno. Amri moja tu nimejiwekea: amplifaya haizimwi. Swichi yake imelegea, nikiizima huenda isiwake tena mbele ya Khainza. Nikizima televisheni inatosha. Maiki itasikia nini?

Sasa imezimwa, nami nimeketi pale pale mbele yake naandika, nikisoma kila mstari kwa sauti. Ni mazoea. Rashidah alipenda nimsomee shajara wakati wa chai, akanisahihisha kila nilipojisifu. Siku hizi namsomea spika ya kushoto. Haisahihishi.

Nimweleze basi. Romano amekaa na koleo langu tangu Ramadhani. Asubuhi anaimba nyimbo za kanisani kama mtu anayevunja mawe. Na Khainza, Mungu amhifadhi, malewa yake yanatafunika kama kamba. Mwenye kupika machipukizi ya mianzi huyachemsha kwanza hadi yalainike. Miaka yote nimeyameza nikitabasamu kwa ajili yako, Rashidah. Sasa umejua.

Ijumaa, 9 Agosti

Koleo langu liko mlangoni! Limepakwa hata mafuta. Dhamiri imemchoma Romano. Tena leo hakuimba.

Alasiri, nilipofungua shajara, niliona kupitia dirisha watu wamekaa kando ya ua. Wanawake wanamenya karanga, wanaume na vigoda vyao. Nikawapungia mkono. Wakanipungia wote. Televisheni imezimwa, sijui wanangoja nini. Bila shaka habari ya spika imeenea na wamewahi nafasi. Wanacheka sana. Ni watu wa furaha.

Jumamosi, 10 Agosti

Saa za kungoja. Nimezima televisheni ipumzike. Nitaiwasha Khainza akibisha hodi.

Mpango wa akiba upo. Aking'ang'ania, nitamwambia spika ya kulia imeingiwa na nyoka. Asipoogopa nyoka, nitaanguka na kushika mgongo. Asipojali mgongo, basi.

Basi, ni hivi. Niyaandike hapa yasije yakanishinda mbele yake. Zikienda, kikombe nitakiweka wapi? Meza ipo. Lakini asubuhi naweka kikombe changu juu ya lile duara, kinaenea sawasawa, na kwa muda mfupi naona kama Rashidah ameinuka tu kufuata sukari. Sina hoja nyingine. Mwanamke mwenye sherehe hawezi kuelezwa jambo kama hilo.

Kuna mtu mlangoni!

Baadaye. Ushindi!

Khainza hakubisha hodi. Nilimkuta amesimama verandani kando ya spika, mfuko wake chini, kiganja juu ya kitambaa. Macho mekundu. Akasema ni vumbi la barabara. Nje ya ua watu walikuwa wametulia kama msibani.

Sikupoteza wakati. Nikawasha televisheni. Kilikuwa kipindi cha mbolea ya mahindi. Spika ikanguruma! Mbolea ikasikika hadi ziwani. Khainza hakuitazama. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye spika ya kushoto, akagusa lile duara kwa kidole.

Akasema, "Shemeji, weka kikombe chako mahali pake. Gidudu nitamkodishia nyingine."

Nikamwuliza kama amesikia ubora wa sauti. Akasema amesikia kila neno. Akaniagiza nisikose kwenye imbalu, atanipikia malewa. "Safari hii nitayachemsha mpaka yalainike." Halafu akatazama miguu yangu, akauliza kama yule nyoka ameniuma.

Swali gani hilo? Amechoka na safari. Lakini nani anajali! Mbolea imemshinda. Jaliah nimempigia, nikamwambia baba yake ni fundi.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekunywa chai polepole. Kikombe kipo mahali pake.

Kimebaki kitu kimoja. Ya kushoto nayo inastahili kuzungumza. Siraj amepiga simu, amepata kisanduku kingine, mwanga kuwa sauti kweli kweli. Kinafanana na kile cha kwanza ila hiki ni cheupe. Nitakwenda Mbale kesho alfajiri. Jaliah asijue. Nitamwambia nakwenda kupima macho. Hakuna mtu niliyemwambia isipokuwa wewe, Rashidah.

Nimeandika hayo, sijafika hata kwenye nukta, Romano akapiga kelele juu ya ua: "Mzee! Kesho ukifika Mbale, letea mimi betri ya redio! Na Jaliah hatutamwambia!"

Nimeshangaa, halafu nimeelewa. Magereza! Maisha yake yote amewasikiliza watu kupitia ukuta. Bila shaka ananisikia kupitia dirisha hili. Lakini mimi si wa kushindwa na askari. Kuanzia leo nakivuta kiti mbali na dirisha, karibu kabisa na televisheni, bakora iguse shajara. Mtu na mkewe wanahitaji faragha.