Nchi ya Dola Arobaini kwa Siku

Jumatatu, 10 Machi

Habari kubwa! Naandika haraka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Dada yangu Britta amekuja kutoka Chicago kwa wiki moja, na leo mezani ametangaza kwamba mwezi wa Juni, nikishamaliza shule, atasafiri mwezi mzima na shanta mgongoni. Nchi bado hajaijua. Agosti anahamia Alaska, amepata kazi ya uuguzi huko. Watu wa hapa Minnesota wakishahamia Alaska hurudi kwa mazishi tu. Kwa hiyo Juni ndiyo mara ya mwisho. Akasema atanunua tiketi mbili za ndege. Mbili! Nikaitazama sahani yangu ili asinione usoni.

Kisha akasema tiketi ya pili ni yangu au ya Kip.

Kip ni binamu yetu. Anacheza hoki ya barafuni, ana shingo kama gogo, na anakula kwetu kila siku. Leo pia alikuwepo. Alipiga meza kwa furaha, maziwa yangu yakamwagika.

Masharti ya Britta: kila mmoja wetu atafute nchi ambayo mtu anaweza kulala, kula na kupanda basi kwa dola arobaini kwa siku, si zaidi. Jumapili baada ya ibada tutajieleza. Jumamosi kuna mtihani mwingine. Hajasema upi.

Baadaye nilimfuata jikoni nikamuuliza, kwa kunong'ona, kwa nini Kip. Akasema Kip anajua kuomba kitu. Akasema, "Nels, mdogo wangu, nakupenda. Lakini Krismasi ulikula kuku bila chumvi kwa sababu chumvi ilikuwa upande wa Baba. Nchi za bei rahisi zinataka mdomo."

Si kweli. Nilimpenda kuku wa vile.

Lazima niende mimi. Lazima!

Jumanne, 11 Machi

Maktaba tangu masomo yalipoisha. Nilisoma mpaka mkutubi akazima taa za upande wangu. Hakujua nipo. Nilishindwa kumwambia. Nimemalizia sura ya mabasi kwa mwanga wa mashine ya soda.

Matokeo. Uswisi: dola arobaini zinatosha kununua sandwichi na kuitazama. Laos: rahisi sana, lakini nauli ya kufika inaniogopesha kwa niaba ya Britta. Georgia (ile nchi, si jimbo letu): chakula kinanivutia, ila inasemekana wenyeji wanakulazimisha kutoa hotuba mezani. Hapana, hapana, hapana.

Bolivia! Supu sokoni. Vyumba vya bei ndogo. Mabasi ya usiku, kwa hiyo unalala na kusafiri kwa malipo yaleyale. Na uwanda mzima wa chumvi, mweupe mpaka mwisho wa macho. Britta ataelewa.

Kip ameniambia yeye amechagua Australia kwa sababu ya mawimbi. Nikamuuliza kama ameangalia bei. Akasema bei ni bei tu, profesa. Nilifurahi kimyakimya mpaka nikapata kwikwi.

Jumatano, 12 Machi

Theluji tena, mpaka magotini. Nilimsafishia jirani yetu Bi Verna Skoglund njia ya mlangoni. Nilipomaliza alifungua mlango, na harufu ikatoka kabla yake: viazi, nyama ya kusaga na jibini, vimeokwa kwenye bakuli moja, bado vinachemka pembeni. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Bi Verna akasema, "Ingia ule, mwanangu."

Nikasema hapana, asante, nisimsumbue.

Akasema, "Kidogo tu, jamani."

Nikasema nimeshiba kabisa.

Mtu yeyote aliyelelewa vizuri hapa anajua utaratibu. Ya kwanza unakataa. Ya pili unakataa. Ya tatu unasema basi, kama si usumbufu, kisha unakula sahani mbili. Bi Verna ameyafanya haya tangu azaliwe. Alikuwa ameshafumbua mdomo kwa mara ya tatu. Niliona meno!

Hapo Kip akatokea njiani. Akapaza sauti, "Bi Verna, hiyo harufu itaniua! Kuna ya mtu mmoja?" Akapita pembeni yangu na viatu vyake vya theluji. Mlango ukafungwa. Nikabaki nje na koleo.

Mama yake Kip ni mtu wa New Jersey. Huko ukikaribishwa unaingia. Ukisahauliwa kukaribishwa, unaingia pia.

Sioni nilipokosea.

Alhamisi, 13 Machi

Hatari! Kip ameachana na Australia. Mtu wa timu yake amemwambia kuhusu Vietnam, na Vietnam ni rahisi kweli, nimeshapiga hesabu. Ina supu nzuri kuliko supu yangu ya Bolivia. Alinijia shuleni, karibu na makabati, akaniomba ushauri. Mimi! Jasho likanitoka mpaka kwenye miwani.

Kisha nikapata wazo. Sijawahi kuwa na wazo baya kama hili. Nasema baya kwa kulisifu.

Nikamwambia kwa upole kwamba Vietnam ni sawa, lakini moyo wa Britta uko Norwe. Huko ndiko babu wa babu yetu alikotoka. Britta akiona picha ya ile milima iliyozama baharini, machozi. (Kweli.) Sikumwambia kwamba kikombe cha kahawa huko kinamaliza fedha ya chakula chako cha mchana. Dola arobaini kwa siku Norwe! Atalala chini ya daraja akitafuna theluji.

Ili kumaliza kazi, nilimletea kadi ya Krismasi ya Bi Ragnhild, binamu wa marehemu Babu, yenye picha ya nyumba yake nyekundu shambani. Kila mwaka anaandika maneno yaleyale: njooni, vitanda vipo. Kila mwaka Baba anamjibu kwamba anashukuru sana, ila tusingependa kumsumbua. Wamekuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Ni uhusiano mzuri sana.

Kip aliisoma kadi mbele na nyuma. Akaniuliza kama anaweza kukaa nayo. Kaa nayo, ndugu yangu! Kaa nayo!

Ijumaa, 14 Machi

Nilifanya mazoezi ya hotuba ya Bolivia mbele ya mbwa. Mbwa akaomba kutoka nje.

Kip anatabasamu sana. Ananiita ndugu. Amenipa nusu ya keki yake bila kuombwa. Niliila nikiangalia ukutani.

Jumamosi, 15 Machi

Nisingependa kuandika haya.

Mtihani wa Britta: mauzo ya vitu vya mitumba kwenye ukumbi wa chini ya kanisa letu la Kilutheri. Alitupa kila mmoja noti ya dola kumi. Tununue shanta, tupatane bei, turudi na chenji. Akasema mwenye aibu kwenye soko la nchi ngeni atakuwa amefilisika kufikia Jumatano. Akaketi kwenye ngazi na kahawa yake atutazame.

Niliiona mara moja. Shanta ya kijani, mikanda mizima, kibandiko cha dola nne. Nyuma ya meza: Bi Verna. Nilikuwa nimesoma sura nzima juu ya kupatana bei. Taja nusu. Usitabasamu. Jifanye unaondoka.

Nikataja dola mbili. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka!

Bi Verna akasema, "Mbili? Aa, mwanangu, kitu chenyewe kimezeeka. Nipe moja."

Kitabu hakikusema lolote kuhusu hili. Nikaona aibu. Fedha hizi ni za paa la kanisa. Nikasema hapana, angalau tatu.

Akasema, "Tatu! Na ulivyonichimbia theluji? Chukua bure."

Nikasema siwezi, ni nne kama ilivyoandikwa. Akasema basi hataki hata senti. Nikasema tano. Akashika kifua. Nikasema sita. Watu wakaanza kugeuka. Mchungaji akasogea. Nilijifanya ninaondoka, kama kitabu kinavyoagiza, ila niliondoka nikiwa nimeacha noti yote ya dola kumi chini ya bakuli la vifungo. Bi Verna alinifukuza mpaka mlangoni, akaniwekea mikononi taa ya mezani yenye umbo la bata ili tuwe sawa. Nilikataa mara mbili. Ya tatu nikapokea.

Kip alimwendea mzee wa meza ya pili, akamwambia, "Mzee, dola tatu, twende kazi." Mzee akasema sawa. Akarudi na shanta, dola saba na kipande cha keki mdomoni.

Britta alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha aliacha kucheka, akanitazama kwa muda. Sikupenda alivyonitazama. Ilikuwa kama anaaga.

Kesho. Kila kitu ni kesho. Bolivia itaniokoa, na Norwe itamwangusha.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada, chini ya kanisa, meza ya pembeni: Baba, Britta, Kip, mimi, kahawa.

Nilianza. Nilinong'ona, lakini Britta alisogeza kiti akasikia yote: supu, mabasi ya usiku, dola thelathini na saba na senti kadhaa kwa siku. Nilipofika kwenye uwanda wa chumvi nikamwambia, huko sitahitaji kumwomba mtu anisogezee. Akacheka kwa sauti! Akanishika mkono! Nilikuwa nimeshafika Bolivia.

Kip akasimama. Akasema, "Norwe." Nilizamisha pua kwenye kikombe nisicheke.

Akaweka kadi mezani. Akasema alimpigia Bi Ragnhild simu Alhamisi ileile. Alimuuliza kama watu wawili wanaweza kuja kukaa mwezi mzima. Bi Ragnhild akasema ndiyo. Vitanda, chakula, baiskeli mbili. Kip akasema, "Yule bibi alilia kwenye simu. Eti anawangoja siku zote, alidhani hammpendi."

Baba akaweka kikombe chini polepole sana.

Hesabu ya Kip: nauli ya basi na aiskrimu. Dola tisa kwa siku. Norwe! Britta aliitazama picha ya nyumba nyekundu. Machozi, kama nilivyotabiri.

Lakini ngoja. Haikuishia hapo. Britta alinivuta kwenye chumba cha makoti. Akasema, "Kwa nchi, Kip ameshinda. Kwa mtu wa kwenda naye, namtaka ndugu yangu. Utakuja?"

Moyo! Masikio yaliwaka moto. Nikasema, kama inavyopasa, hapana, nisimsumbue, ampeleke Kip aliyeshinda.

Akasema, "Una hakika, Nels? Nanunua tiketi jioni hii."

Nikasema nina hakika kabisa.

Nikakaa tayari. Nilikuwa na "basi, kama si usumbufu" kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Akafunga vifungo vya koti. Akasema, "Sawa. Siwezi kukulazimisha." Akaenda kumwambia Kip, ambaye alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Miaka mitano ya Chicago! Imemharibu kabisa.

Jumatatu, 17 Machi

Sikulala. Nimefikiri kwa makini, na nimelijua kosa langu. Jana nilikataa vibaya. Nilikataa kwa uso mkavu, bila uchangamfu, ndiyo maana alidhani sitaki. Kukataa kuna namna yake. Laiti ningepata nafasi nyingine!

Mchana Kip alikuja amejiinamia. Kocha wa chuo alimpigia asubuhi, akampa nafasi kwenye kambi ya mazoezi ya Juni, mwezi mzima. Kip akasema ndiyo papo hapo. Kisha ndipo akaangalia kalenda.

Kwa hiyo tiketi ya pili haina mtu! Britta amesema tiketi ya Kip inaweza kufutwa bila hasara leo tu, na mpya lazima inunuliwe kabla hajaondoka, la sivyo anaenda peke yake. Anarudi Chicago jioni hii. Baba anapasha gari moto nje.

Nilipanda chumbani nikapanga kila kitu, ingawa safari ni Juni. Shanta ya kijani imejaa. Hata taa ya bata imeingia. Pasipoti iko mfukoni. Nikaketi kitandani, nikangoja.

Akabisha. Alikuwa ameshavaa koti. Simu mkononi, ukurasa wa tiketi umefunguliwa, niliuona. Akasema, "Nels. Kip haendi. Bi Ragnhild ametandika vitanda viwili. Nakuomba, twende."

Nilitaka kupiga kelele mpaka theluji ya paa iporomoke. Lakini safari hii nilikuwa tayari. Nilitabasamu. Nilimtazama machoni. Nikasema, kwa uchangamfu wote niliofanyia mazoezi, "Hapana, dada, usijisumbue kwa ajili yangu."

Alisimama kidogo mlangoni. Kisha akaufunga taratibu.

Ilitoka vizuri sana! Nasikia hatua zake zinashuka ngazi. Nasikia mlango wa gari.

Nimevaa shanta. Zimebaki mara mbili tu za kuombwa.