Koti Juu ya Kibao

Jumamosi, 7 Juni

Shafik, mtu wa kwetu anayeishi Vårby gård hapa Sweden, kanikera tena. Kaweka picha kwenye grupu letu: gari alilotuma nyumbani limefika Busia, ndugu wamelizunguka, vigelegele. Mimi miaka yote hii nimetuma nini? Masweta! Mchana nikaenda kumwona binti yangu Felicia kazini kwake, makumbusho ya matrekta ya zamani nje kidogo ya Tumba. Lipo moja jekundu la mwaka 1951, linang'aa utadhani limetoka dukani jana. Felicia alipogeuka, nikavuka kamba, nikapanda. Picha safi! Nikaituma kwenye grupu, nikaandika: mashine yangu hiyo, inasubiri kontena.

Jumatatu, 9 Juni

Mama kapiga simu kutoka Busia, analia kwa furaha. Trekta limetangazwa kanisani. Majirani wanamchimbia mashimo ya nguzo, trekta lijengewe banda. Nilitaka kusema ukweli, wallahi. Badala yake nikauliza mlango utakuwa na upana gani. Mjinga mimi!

Alhamisi, 12 Juni

Shafik anasema gari lake liliombewa kabla ya kupanda meli, na langu halitoki Sweden bila maombi. Tayari kamwambia Mchungaji Truphosa wa kanisa letu la huku. Nikasema lipo makumbusho, wananitunzia tu. Akacheka kidogo. Sikukipenda kile kicheko. Mpango: Jumamosi, Felicia hana zamu. Kibao cha maelezo nitakifunika kwa koti.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu gani hii! Koti lilikaa vizuri. Truphosa akafumba macho, akakemea ajali, kutu na jicho baya. Amina. Kumbe mkobani ana chupa ya mafuta ya upako! Kabla sijafungua mdomo, boneti yote imeshapakwa misalaba. Anton, msimamizi, akaja mbio. Nyuma yake Felicia. Kumbe kabadilishana zamu! Anton akauliza koti ni la nani. Shafik akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama vyangu. Felicia akajibu kwa Kiswidi, sauti ndogo, kwamba ni la baba yake. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 15 Juni

Anton bado anafikiria kama Felicia aendelee na kazi. Mtoto kalia kwenye treni mpaka nyumbani, na chanzo ni mimi. Kaniambia nimpigie bibi yake leo hii. Nikapiga, nikasema yote. Mama akauliza wale waliochimba mashimo awaambie nini, maana banda limeshaezekwa. Nimejifungia bafuni, nimelia. Sidanganyi tena. Nimeapa!

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda makumbusho kuomba radhi. Anton kanisamehe, na Felicia anabaki kazini. Alhamdulillahi! Felicia kanirudishia koti, kaniita baba kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, kaenda kuniletea kahawa. Ninaandika haya ukumbi wa pili, nimekaa peke yangu. Mbele yangu ipo mashine ya kupuria ngano, ndogo, nzuri sana. Haina hata kamba. Namfikiria mama na lile banda tupu. Roho inaniuma. Kibao chake ni kidogo, wala koti zima halihitajiki. Mkono mmoja wa koti unatosha kukifunika pichani.