Mbuzi wa Mlimani na Mahakama Mbili

Jumatatu, 12 Oktoba, mwaka wa 18 wa Meiji. Yokohama, mtaa wa Motomachi.

Mbuzi kala kiku zangu. Vyungu kumi na kimoja kati ya kumi na viwili. Miaka mitatu ya kuinama juu ya maua imeisha kabla supu ya asubuhi haijapoa. Nilimkuta bado anatafuna, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.

Mbuzi namjua. Ni wa Bwana Brekke, fundi wa piano, mzungu mrefu anayekaa mlimani juu yetu. Jike, mweupe, tumbo kubwa. Sasa tumbo lenyewe limejaa maua yangu.

Miche ya kiku hizi ilikuwa ya baba mkwe wangu, aliyefariki mwaka juzi. Maonyesho ni tarehe tatu Novemba, na mwaka huu nilikuwa na hakika ya ushindi. Onami, mke wangu, aliokota shina moja, akalifuta udongo kwa ukingo wa aproni. Kisha akasema mizizi bado imo udongoni, baba yake alikuwa akikata maua yote kila mwaka na yakirudi.

Nikamwambia suala si mizizi. Suala ni haki. Mumewe ataileta.

Jumanne, 13 Oktoba.

Kituo cha polisi. Konstebo aliandika kila neno langu mpaka nilipotaja jina la Brekke. Hapo akaweka brashi chini.

Akanieleza, kwa upole wa kumweleza mgonjwa, kwamba mikataba ndivyo ilivyo. Mgeni akikosa hapa kwetu, hahukumiwi na hakimu wetu. Anahukumiwa na konseli wa nchi yake, kwa sheria ya nchi yake.

Nikauliza, na mbuzi je? Akafikiri. Akasema mbuzi ni mali ya mgeni.

"Lakini alikula hapa, Japani," nikasema.

"Alikula hapa, mzee, ila kisheria alikula kwao."

Kumbe bustani yangu iko ng'ambo na sijui.

Nchi ya Brekke iko kaskazini kabisa, jina lake linanikwama kooni. Konseli wake ni Bwana Lunde, muuza saa karibu na bandari. Wiki nzima anauza saa. Ijumaa anakuwa serikali.

Ijumaa, 16 Oktoba.

Nimevaa haori yangu nzuri ya hariri. Nimebeba mashina kumi na moja ndani ya sanduku.

Mahakama ni ghala la Bwana Lunde. Saa ukutani, saa mezani, saa sakafuni, na hakuna mbili zinazokubaliana. Konseli alikaa chini ya bendera ndogo. Brekke alipoingia, walishikana mikono, wakaulizana habari za kifua cha Brekke. Mwenzao mwingine, baharia mstaafu, alikaa pembeni kama mzee wa baraza. Nimeambiwa raia wa nchi hiyo hapa mjini ni wanne. Kwa hiyo mahakamani ilikuwepo robo tatu ya taifa.

Mkalimani alikuwa nani? Mizoguchi. Mizoguchi yuleyule tuliyesoma naye, aliyekuwa wa mwisho darasani kwa mwandiko. Siku hizi ana kofia ya kizungu na anaivua polepole ili kila mtu aione.

Nilizungumza robo saa. Nilianza na baba mkwe, nikapita kwenye umande, nikaeleza jinsi chipukizi la kiku linavyohitaji kubanwa kwa vidole viwili tu. Mizoguchi akatafsiri kwa maneno manne. Nilipolalamika, akaniambia kwa Kijapani, "Tokuzo, umesema mbuzi kala maua. Ulitaka nisemeje?"

Katikati ya ushahidi wangu saa zikaanza kulia saa nne. Zilimaliza dakika kumi baadaye.

Konseli akanywa chai. Akatia maziwa. Nikamwomba Mizoguchi aulize maziwa yanatoka wapi. Konseli akajibu bila kuficha: kwa mbuzi huyuhuyu, na ni mazuri sana, japo yamepungua wiki hizi.

Nikasema basi hakimu anamnywa mshtakiwa. Mizoguchi akakataa kulitafsiri.

Hukumu: kwa sheria ya kwao, bustani isiyo na uzio wa kufika kifuani ni malisho. Kesi imefutwa. Nina haki ya kukata rufaa. Mahakama ya rufaa iko kwao, miezi miwili kwa meli, na sharti niende na mashahidi. Mashahidi wangu ni Onami na mbuzi.

Brekke hakusema neno muda wote. Aliniinamia wakati wa kutoka. Nikaona ni kejeli.

Jumamosi, 17 Oktoba.

Nimekutana na Mizoguchi darajani. Akanicheka. Akasema nimeshika kesi kwa mkia. Anayeshtakiwa ndiye anayeamua mahakama. "Angekuwa Brekke ndiye anakushtaki wewe, mngekuwa mbele ya hakimu wetu mwenyewe, na ungeongea mpaka jua lizame."

Alisema kwa mzaha. Mizoguchi hajui ubongo anaoongea nao ni wa nani.

Nimerudi nyumbani mbio. Kama siwezi kumpeleka Brekke kwa hakimu wangu, basi Brekke anipeleke mimi. Ninachohitaji ni kosa dogo, safi, lenye mbuzi ndani yake.

Jumapili, 18 Oktoba.

Mbuzi amekamatwa. Wageni walikuwa kanisani. Nilitumia chungu cha kumi na mbili kama chambo, nikarudi nacho kinyumenyume hadi ndani ya banda langu la rangi. Mimi ni mchora vibao vya maduka, banda lina komeo imara. Alifuata bila ubishi. Alikula majani sita tu kabla sijamnyang'anya.

Onami alikiona chungu. Aliuliza kama hiki nacho kimeliwa na wageni. Nikamweleza mkakati. Akakichukua chungu mikononi mwangu, akaondoka nacho. Sijui kakipeleka wapi. Chakula cha mchana kilikuwa wali mtupu.

Jumatatu, 19 Oktoba.

Nimekaa mlangoni kutwa nikisubiri kushtakiwa. Nimevaa haori.

Saa nane mchana Brekke akashuka. Nikatafuta maneno ya kigeni. Hakukuwa na haja. Anaongea Kijapani, tena cha wavuta riksho wa bandarini, laini kabisa. Ana miaka kumi na mitano hapa. Ina maana ile robo saa yangu yote, na umande wangu, aliielewa.

Akaniuliza kwa adabu kama nimemwona mbuzi wake.

"Ninaye," nikasema. "Nimemwiba. Kwa makusudi. Nishtaki."

Akanikodolea macho. Akasema hataki kunishtaki, sisi ni majirani. Anamtaka mbuzi tu, kwa sababu yu karibu kuzaa. Akasema pia kuhusu maua anasikitika, alitaka kuniomba radhi pale kwa konseli, ila Lunde alimkanya asifungue kinywa.

Nikamwambia radhi haitoshi, nataka kushtakiwa. Akasema hapana. Nikamsihi. Akasema, "Bwana Sawatari, mimi natengeneza piano. Kesi siziwezi."

Nikafunga mlango. Mgeni gani huyu, hata kugombana hajui?

Jumatano, 21 Oktoba.

Siku mbaya. Mbuzi kala brashi tatu za manyoya na nusu ya kibao cha kinyozi. Kinyozi kaja kukichukua. Sasa kimebaki kinasema "Nyoa". Kinyozi hakufurahi.

Brekke bado hajanishtaki. Anakuja asubuhi na jioni, anasimama nje ya banda, anamwimbia mbuzi kwa lugha yao. Majirani wanamhurumia. Wanampa viti.

Mchana nikaenda kituo cha polisi, nikajishtaki mwenyewe.

Konstebo akauliza kama nina homa. Nikasisitiza. Nikampa tarehe, saa, na maelezo ya chambo. Akaandika. Safari hii hakuweka brashi chini.

Niliporudi, banda lilikuwa wazi. Brekke na Onami walikuwa wamepiga magoti kwenye majani makavu, mikono yao imelowa. Kati yao kitoto cha mbuzi, cheusi, kinajaribu kusimama na kuanguka. Onami alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka tangu msiba wa baba yake. Nilisimama pale na haori yangu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Ijumaa, 23 Oktoba.

Siku yangu imefika. Mahakama halisi, hakimu halisi, saa moja tu ukutani, tena inakwenda sawa.

Brekke aliitwa kama shahidi. Akasema hana lalamiko lolote, mbuzi amekwisha rudi. Hakimu akaniuliza kama ni kweli nilimchukua. Nikasema ni kweli, na sasa naomba kueleza sababu. Nikafungua sanduku la mashina. Nikaanza na baba mkwe.

Nilikuwa nimefika kwenye umande hakimu aliponyanyua mkono.

Akauliza kama hoja ya maua ni dhidi ya huyu mgeni. Nikasema naam, Mheshimiwa, ndiyo maana nimejisumbua kuja. Akasema basi hana mamlaka nayo. Dai lolote dhidi ya mgeni lipelekwe kwa konseli wake.

"Nimekwisha kwenda, Mheshimiwa. Ni muuza saa."

"Hilo nalo," akasema hakimu, "liko nje ya mamlaka yangu."

Kesi ya maua si yake. Ya mbuzi ni yake. Kwa mbuzi, kizuizini siku tano.

Mizoguchi alikuwa amekaa nyuma. Hakuna kilichohitaji kutafsiriwa. Alikuja kutazama tu.

Jumatano, 28 Oktoba.

Nimetoka. Kizuizini chakula ni cha kawaida, wenzangu wawili, mmoja mlevi, mmoja alimpiga shemeji yake kwa samaki. Niliwaeleza kesi yangu kuanzia mwanzo. Siku ya tatu wakaomba kuhamishwa.

Nyumbani nimekuta uzio. Mianzi mipya, imefungwa kwa kamba nyeusi, inafika kifuani. Nikamuuliza Onami nani kaujenga. Akasema yeye na Bwana Brekke, kwa siku mbili. Alipanda mlimani Jumamosi na sahani ya maandazi ya maharagwe, wakaongea kibarazani, mambo yakaisha. Brekke kaleta pia samadi, vikapu sita. Vyungu kumi na kimoja vimepangwa kivulini, na katika tisa kuna vichipukizi vya kijani chini kabisa ya mashina.

"Yakaisha vipi?" nikauliza. "Kwa sheria gani?"

Onami akasema, "Mume wangu, kaoge."

Jumanne, 3 Novemba.

Maonyesho. Chungu cha kumi na mbili kumbe kilikuwa kwa dada yake Onami. Amekipeleka mwenyewe, kwa jina la baba yake. Ua moja, jeupe, kubwa kama bakuli. Majani upande mmoja hayapo, mbuzi aliyapitia.

Kimepata nafasi ya pili. Waamuzi walisifu hasa ule upande mtupu. Walisema mkulima ana ujasiri wa kupunguza. Onami aliinama, akashukuru, akakaa mbele ya lile ua mpaka watu wote wakaondoka. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilitaka kuwaambia waamuzi upogoaji ule ulitokana na mkakati wangu. Onami alinitazama mara moja. Nikanyamaza.

Brekke alikuja na Bwana Lunde. Lunde akanipa mkono, akasema jambo. Brekke akatafsiri: konseli anasema hana kinyongo, na maziwa yamerudi kuwa mengi.

Alhamisi, 3 Desemba.

Brekke kampa Onami yule mbuzi mweusi, kwa kuwa alizaliwa mikononi mwake. Anaishi katika banda la rangi. Si mbaya. Ana akili.

Leo asubuhi kapenya uzio, kaingia kwa jirani yetu Kanbei, muuza tofu, akala figili mistari miwili. Kanbei kaja mlangoni kashika majani yaliyobaki, uso mwekundu. Akasema tunajuana miaka ishirini, hataki makuu, anataka nimwombe radhi tu na nimfunge mbuzi.

Onami alikuwa sokoni. Ilinibidi nilishughulikie mwenyewe.

Nikamkaribisha. Nikamweleza, kwa upole wa kumweleza mgonjwa, kwamba mbuzi huyu mama yake ni mgeni. Baba yake, kwa kadiri tunavyojua, ni mgeni pia. Kwa hiyo kisheria figili zile hazikuliwa Japani. Konstebo hawezi kumgusa, wala hakimu wetu. Malalamiko yake ayapeleke kwa Bwana Lunde siku ya Ijumaa, na avae vizuri.

Kanbei aliyaweka majani yale sakafuni. Akaondoka bila kuaga. Nadhani aliona uzito wa hoja.

Lakini watu kama yeye hawaridhiki kwa maneno matupu, wanataka kuona kitu kwa macho. Nimetoa ubao mpya na rangi nyekundu. Banda la mbuzi litakuwa na bendera ya konseli juu ya mlango kabla Onami hajarudi. Sikumbuki tu mistari inapita vipi. Nimetuma ujumbe kwa Brekke kumuuliza. Sikumwambia ni ya nini.