Firigisi Ishirini za Jaji

Jumatatu, 4 Agosti
Shindano la biashara la televisheni limeanza hapa Kakamega. Mshindi mmoja tu atapewa mkahawa wenye majiko, viti na bango la jina lake. Langu nimeshalichora: PROTUS. Kwanza, Alhamisi, timu mbili zitauza kuku na obusuma, yaani ugali wetu, uwanjani. Timu itakayoshinda itaingia fainali; itakayoshindwa itamtoa mmoja wake kwa kura, na waliobaki watangoja msimu ujao. Jaji naye atateua nyota mmoja, ambaye ataingia fainali moja kwa moja, hata timu yake ikishindwa. Nahodha wetu, Phoebe, mpishi kutoka Kabras, alisema sisi watatu ni vidole vya mkono mmoja. Nilipiga makofi kuliko wote. Mimi ni kidole gumba.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeomba kazi ya kuchinja na kusafisha kuku. Phoebe ameguswa. Amesema ni nadra kumpata mzee anayejishusha hivyo. Maskini! Kuku ishirini, firigisi ishirini. Kwetu firigisi hupewa mgeni wa heshima. Moja ni heshima. Ishirini ni ufalme! Zote zitamwendea jaji, Bi Jepkorir, katika bakuli langu lenye kifuniko. Nyota ameshapatikana.

Jumatano, 6 Agosti
Wesley, fundi wetu kutoka Sigalagala, ameunda jiko kwa pipa kuukuu. Kamera zilimzunguka saa nzima. Nilisimama nyuma yake nimeshika spana. Mpiga picha aliniomba nisogee. Nikasogea. Akaniomba tena. Mara ya tatu nilikuwa nje ya lango.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku ya hatari! Nilipika firigisi nyuma ya tangi la maji, nikampelekea Bi Jepkorir. Alifunua bakuli, akauliza alichonikosea ni nini, na kuku mwenyewe yuko wapi. Kwao, kumbe, firigisi ni nyama tu!

Wakati huohuo wazee sita wa Lumakanda, wakitoka kwenye mazungumzo ya mahari, walikuwa wameketi kwetu. Mkubwa wao alikoroga mchuzi, akakoroga tena, akamuuliza Phoebe kama kuku wake walianguliwa bila firigisi. Mwenzake akasema labda siku hizi Kakamega wageni hualikwa ili watukanwe. Wakasimama. Foleni nzima ikaanza kuyeyuka.

Phoebe alinijia mbio, kamera nyuma yake. Aliliona bakuli. Nilijua nimekwisha. Hakufoka. Alimwomba jaji radhi, akalichukua, akawatangazia wazee kwamba Mzee Protus alizitenga makusudi, ili kila mmoja apokee yake mkononi mwa mzee mwenziwe. Kisha akaninong'oneza, “Mzee, piga goti.” Nikapiga goti. Goti likalia. Wazee wakacheka, wakaketi, wakaagiza kuku wengine watatu. Kufikia saa tisa sufuria zote zilikuwa tupu.

Ijumaa, 8 Agosti
Timu yetu imeshinda! Hakuna kura. Nyota ni Phoebe. Jaji alisema amemwona akiokoa biashara na mtu kwa pamoja. Sijui alimaanisha mtu gani. Nimepewa adhabu ya kuosha sufuria zote. Nilipofika ya mwisho, nilikuta firigisi moja imefunikwa kwa sahani. Phoebe alisema ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye mzee wa timu. Niliila polepole. Tamu mno! Wesley alinisaidia kusuuza. Watu wazuri hawa.

Jumamosi, 9 Agosti
Sisi watatu tutashindana fainali pamoja. Tutauza chai ya maziwa, kisha jaji atachagua mmoja wetu. Nimelala vizuri, nikatafakari, nikatubu. Kosa langu nimeliona wazi: kumpa Bi Jepkorir firigisi! Nimeulizia. Kwao mgeni hukaribishwa kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Phoebe aliuliza nani atatunza maziwa. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Kibuyu ninacho.