Kengele ya Yoti, Shemeji na Dole Langu

Jumatatu, 9 Juni
Nimeula! Bado kidogo, lakini nimeula. Kuna tajiri anataka kengele ya yoti yake iliyozama mwaka juzi pamoja na vyumba kumi na piano. Iko mita thelathini na nne chini. Bosi katuambia wapiga mbizi wote: atakayeipandisha kengele ndiye mkuu wetu mpya. Cheo hicho nimekitamani miaka sita! Mpinzani ni mmoja tu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ananizidi kila kitu isipokuwa akili.

Nimefika nyumbani, mama mkwe akaniuliza habari za kazi. Sijui nilipatwa na nini. Nikamwambia nimeshakuwa mkuu. Akafurahi, kisha akauliza mwanawe kawa nani. Nikasema msaidizi wangu. Sasa amewaalika dada zake wote chakula cha Jumapili, waje kunipongeza. Wako saba. Na shemeji naye atakuwepo. Kengele lazima iwe yangu kabla ya Jumapili, la sivyo nahama nyumba.

Jumanne, 10 Juni
Bosi kanipanga na shemeji. Mtu na mwenzake, hakuna kuachana. Tumeshuka. Yoti imelala ubavu, samaki wanaingia bafuni bila hodi. Nikaiona! Kengele, mlangoni kwa nahodha, bolti nne tu. Furaha ikanipanda kichwani, nikampa shemeji dole gumba. Yaani safi sana!

Aibu gani hii. Chini ya maji, safi ni duara la vidole viwili. Dole juu maana yake tupande. Na ukipewa dole huulizi, unapanda. Shemeji akanishika mkono kama mgonjwa, tukapanda, siku ikaisha bila kugusa hata bolti moja. Bosi kampongeza kwa kuniokoa. Nikajitetea kwamba nilishikwa na kizunguzungu. Shemeji akasema hicho nimezaliwa nacho. Hata mwendesha boti kacheka!

Jumatano, 11 Juni
Nimeamka na wazo. Kama dole haliulizwi, basi dole ni silaha! Shemeji akigusa bolti tu, nampa dole.

Kumbe naye kaamka na wazo hilohilo. Nikishika spana, dole. Akishika yeye, dole. Watu wazima wawili, madole juu, kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie. Tumefanya hivyo mpaka geji za hewa zikaingia kwenye nyekundu. Tumetoka kapa. Bosi katupa nafasi ya mwisho, Ijumaa. Kesho tupumzike.

Alhamisi, 12 Juni
Mke wangu kanikuta jikoni nimevaa glavu na miwani ya kuzamia, nafungua nati za jiko la gesi. Nikamwambia ni mazoezi. Akasema mazoezi yamezima chakula cha mchana. Akanishauri pia nimwambie mama yake ukweli mapema. Ukweli! Na siku tatu nzima ninazo mkononi!

Mpango nimeupata. Shemeji huweka zana zake zote kwenye mfuko wa wavu. Nikiufunga kwenye puto langu la kunyanyulia mizigo na kulijaza hewa, zana zinapaa, yeye anabaki mikono mitupu. Mimi nafungua kengele taratibu. Hata mimi nimejiogopa.

Ijumaa, 13 Juni
Mkuu! Mkuu! Mkuu!

Niandike kwa utaratibu. Tumeshuka, shemeji akaniwahi kwenye kengele. Tope likatibuka, hatuonani vizuri. Mara nikamwona kapumzika. Nikapapasa nyuma yake, nikaupata mfuko. Mzito! Nikaufunga kwenye puto, nikatia hewa, huo ukapaa. Nikaisogelea kengele na spana yangu.

Hakuna kengele. Bolti nne, zote zimefunguliwa. Shemeji akapapasa, mfuko hakuna. Akanitazama. Akanipa dole la hasira. Tukasimama dakika tano karibu na uso wa maji, gesi itoke mwilini, na dakika zote tano macho yake yalinitukana. Nilijua nimekwisha.

Kufika juu, Bosi kaikumbatia kengele! Kumbe shemeji alishaifungua na kuitia mfukoni, na mfuko umeibuka na puto langu, lenye namba yangu. Bosi akaniuliza kama ni mimi niliyeipandisha. Nikasema ndiyo. Si kweli? Ni kweli tupu! Shemeji akalia kwamba aliyeifungua ni yeye. Bosi akajibu kwamba yeye alisema kupandisha, hakusema kufungua. Nilimhurumia shemeji kwa moyo wote, kutoka kwenye boti mpaka gatini.

Jumapili, 15 Juni
Dada wote saba wamefika. Mama mkwe kanikalisha kwenye kiti cha mwanawe. Nimemwomba shemeji chumvi mara nne, mara nne kaleta. Raha iliyoje! Mke wangu akaninong'oneza kwamba siku yangu inakuja. Nikamwambia imeshafika, ndiyo hii.

Jumatatu, 16 Juni
Siku ya kwanza ya ukuu. Watu sita chini yangu, shemeji akiwemo. Kazi ni kupandisha piano ya tajiri. Wameifunga kamba, wametia hewa kwenye maputo, ikatikisika, ikanyanyuka! Wote sita wameshika kamba, wananitazama, wanangoja amri yangu. Kifua kikanijaa. Kazi safi namna ile, mtu utajizuiaje? Nikawapa dole. Nikawapa na la pili.

Hawakuuliza. Wameachia kamba, wakapanda wote. Piano ikapinduka, ikatoboa ukuta, ikatua bafuni. Shemeji alitangulia, na kwa mapovu yale nadhani alikuwa anacheka.

Bosi ananiita ofisini kesho saa mbili. Siogopi. Nimemwandikia barua ya kurasa tatu kumshauri abadilishe ishara hiyo, maana kosa ni lake, si langu. Na nikifungua mlango tu nitampa dole, ajue kwangu mambo ni safi.