Ekzosi Mbili na Gari la Bibi Harusi

Leo nimeaibika, jamaa zangu. Nimeaibika mbele ya kanisa, mbele ya kwaya, na mbele ya mtu yule yule ambaye sikutaka kabisa anione nikiaibika. Niagizieni chai kwanza. Nyama tutaila nikimaliza, maana najua mkicheka mkitafuna mtapaliwa.

Mnalijua gari langu. Silinda sita. Nililinunua petroli ilipopanda bei, wakati kila mwenye gari kubwa hapa Nairobi alikuwa anatafuta mjinga wa kumwachia. (Mjinga alipatikana.) Mnamjua pia Nyokabi wa Uthiru. Msichokijua ni kwamba Jumatatu alinipigia simu ofisini, akaniambia dada yake Wairimu anaolewa Jumamosi, gari la kumchukua limeharibika gia, na baba yao amekubali langu litumike. Baba yao mwenyewe! Mzee Njoroge, mwenye ng'ombe wa maziwa wa gredi na nyumba za kupangisha, ambaye kila nikifika kwake hunisalimia kama vile nimekuja kusoma mita ya maji.

"Atakaa mbele na wewe," Nyokabi akasema. "Akifurahi hiyo siku, muulize ile kitu. Akikasirika, usijisumbue tena."

Ile kitu ni ruhusa ya kupeleka watu wangu kwake wabishe hodi, waseme wameona ua zuri katika boma hilo, yaani Nyokabi. Nimeingoja tangu mwaka jana.

Nikawaza, nifanye nini gari lifae siku hiyo? Kuosha, kila mtu huosha. Riboni, kila gari la arusi lina riboni. Nilikuwa bado nawaza hivyo katikati ya mji, nangoja kuvuka barabara, gari moja jeupe likapita. Nyuma lilikuwa na ekzosi mbili, mabomba mawili ya moshi. Lilinguruma kwa heshima zake, na watu wakageuza shingo, hata askari aliyekuwa akiandikia mtu makosa. Jamani, moyo uliruka! Silinda sita, tatu zipumulie upande huu, tatu upande ule, na mzee kando yangu akisikia mwenyewe kijana anavyonguruma.

Nikaanza na lile duka la vipuri lenye vioo. Ekzosi zao zinatoka ng'ambo, zinang'aa hata niliona meno yangu ndani yake. Nikatajiwa bei. Nikauliza kama hiyo ni pamoja na gari. (Muuzaji hakucheka. Wenye maduka ya vioo hawacheki.) Kutoka hapo nikaenda kwa wauza vyuma vya magari yaliyoanguka. Kulikuwa na jozi nzuri, nafuu, haina kutu. Lakini iliwekwa kwenye gari fulani nisikie, na sikusikia kitu. Kimya! Sasa nani anahangaika kutafuta ekzosi mbili ili zinong'one? Nikaziacha, na ninyi mnisikie vizuri, hizo ndizo nilipaswa kununua.

Nikaishia Grogani, kwa fundi Okello. Yeye hutengeneza ekzosi hapo hapo kando ya barabara, kwa bomba, bati na moto wa kuchomelea. Na hana haja ya kuwasha gari ili usikie. Anakuonyesha kwa mdomo.

"Ya sailensa ndefu inasema mmmmm," akaniambia, macho ameyafumba. "Ya sailensa fupi inasema brrrum. Na hii ingine haina sailensa. Hiyo ni ya mtu hana majirani."

Nikamwomba arudie ile fupi. Akarudia. Mama mmoja muuza ndizi akasogeza kikapu chake pembeni akidhani lori linarudi nyuma. Nikasema hiyo hiyo! Na ilikuwa nafuu, maana bati ni kidogo. Halafu Okello akauliza kama nazitaka juu, zijifiche nyuma ya bampa, au chini zionekane. Nikamwuliza na mimi, mtu atanunua suti mpya halafu aivae ndani ya koti la mvua? Weka chini. Okello akaweka chini, akazifunga kwa vyuma vyembamba, na Ijumaa tukazunguka mji kulijaribu gari. Tulikuwa mimi na yeye tu ndani. (Kumbukeni hilo, mimi na yeye tu. Okello ana uzito wa kuku.) Sauti ilikuwa tamu mpaka Okello mwenyewe akanyamaza njia nzima kwa kuisikiliza.

Leo asubuhi nikafika Uthiru. Suti, tai, riboni, na zile mbili zinasema brrrum. Akina mama wakafunga lango, kama ilivyo kwao, wakaimba wakiuliza ni nani huyu na amekuja kuchukua nini. Hapo aliyekuja kumchukua bibi harusi anatakiwa kujibu kwa wimbo. Mimi sauti ya kuimba sina, mnajua. Nikakanyaga mafuta. Brrrum! Wakanyamaza. Wakauliza tena kwa wimbo. Brrrum, brrrum! Wakaangua kicheko, wakapiga vigelegele, lango likafunguka. Nawaambia, nilijiona nimeshaoa.

Mzee Njoroge akatoka na kofia yake na koti lake la kanisani. Hakuja mlangoni. Alizunguka gari polepole, akasimama nyuma, akainama.

"Ziko mbili," akasema.

"Mbili, mzee."

"Na zote zinafanya kazi?"

"Zote, mzee."

Akanyoosha mgongo, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akasema, "Haya." Haya tu! Lakini mngeisikia hiyo haya.

Sasa tulipokuwa tunapanda, nikafundishwa jambo ambalo sisi wa Bungoma hatukuambiwa mapema. Bibi harusi wa nyumba ile haondoki bila shangazi zake, na shangazi haondoki bila kiondo chake, kikapu kilichojaa. Wairimu ana shangazi watatu. Mungu amewabariki kwa afya. Mmoja akabanwa mbele kati yangu na mzee, wawili wakaingia nyuma na bibi harusi na Nyokabi. Kwenye buti la gari zikatiwa kreti za soda na sufuria ya irio, viazi na mahindi vya kupondwa. Kila shangazi alipoingia gari liliketi kidogo. Wa tatu alipofunga mlango lilikuwa limeketi kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Sikushuka kutazama nyuma. Ningetazama nini, na mzee ameshasema haya?

Kutoka kwao hadi lami kuna kale kabarabara ka udongo kenye mgongo wa mawe katikati. Tulipofika hapo nikasikia kitu chini kikisema krrrruuu.

"Ni nini hiyo?" mzee akauliza.

"Jiwe dogo, mzee."

Tukaingia lami. Na hapo, jamani, sauti ikabadilika. Ikawa kubwa! Ikawa nzito, ikatoka tumboni kabisa. Nikasema moyoni, kumbe Okello, kumbe ekzosi hizi zilikuwa bado hazijafunguka. (Zilikuwa zimefunguka, ndiyo.) Shangazi wa katikati akaniuliza kitu nisichokisikia, nikamjibu kwa tabasamu.

Nyuma yetu kulikuwa na pikapu iliyobeba kwaya, wote katika majoho meupe. Wakaanza kupiga honi. Sasa niambieni, katika msafara wa arusi, gari la nyuma likipiga honi unafanya nini? Unajibu! Nikajibu. Wakapiga zaidi. Nikajibu zaidi. Kwenye kioo nikaona kwaya nzima imesimama kule nyuma, inapunga vitambaa vyeupe, na mwalimu wao anapiga paa la pikapu kwa mikono miwili kama ngoma. Furaha ikanijaa kifuani. Nikamwambia Nyokabi kwa kelele, "Kwaya yenu inapenda kazi yake!" Nikaongeza mwendo ili wapate moyo.

Kangemi watu walikuwa wamejaa kando ya barabara. Walituonyesha vidole, wakapunga mikono yote miwili, mzee mmoja wa baiskeli akashuka akaitupa chini ili apunge vizuri. Mzee Njoroge akafungua kioo. Akawapungia. Kwanza vidole viwili, halafu mkono mzima, halafu akavua kofia akapunga nayo. Alikuwa anacheka! Mimi sikuwahi kuyaona meno ya mzee yule, na leo niliyaona yote. Pale mzunguko wa Westlands askari wa trafiki akasimama katikati, akainua mkono, akapuliza firimbi mashavu yakavimba. Nikamshukuru kwa honi kwa kutufungulia njia, nikapita kando yake. Mzee akampigia saluti.

"Barasa!" akanipigia kelele sikioni. Jina langu! Siku zote ni "kijana". "Barasa, leo umefanya kazi!"

Ningekufa pale ningekufa tajiri. Nikaamua kwamba tukifika kanisani sitangoja sherehe. Nitashusha bibi harusi, nitamfungulia mzee mlango, na nitauliza.

Tukafika mjini. Wageni wote wako nje ya kanisa, mchungaji na kitabu chake, bwana arusi na ua kwenye koti. Nikaingia uwanjani polepole, nikasimamisha gari mbele yao. Hapo mtu mwenye akili angezima injini. Mimi nikataka wasikie. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Likalia PAAA! Wageni wakalala chini. Bwana arusi naye. Kisha kitu kikaanguka chini ya gari, kikabingirika kwa mlio mwembamba kupitia uwanja mzima wa kanisa, taratibu, bila haraka yoyote, kikasimama kwenye viatu vya mchungaji. Mchungaji akakitazama. Ilikuwa ekzosi yangu ya kulia.

Nikajiambia, sawa, moja imeanguka, bado ninayo moja. Hapo ndipo pikapu ya kwaya ikaingia. Majoho yao hayakuwa meupe tena, yalikuwa rangi ya majivu, na nyuso pia, isipokuwa macho. Hakuna aliyekuwa anaimba. Mwalimu wa kwaya akashuka. Mikononi, juu ya kile kitambaa alichokuwa akipunga, alikuwa amebeba ekzosi yangu ya kushoto, bado ina moto. Akaja nayo mbele ya watu wote, hatua kwa hatua, kama mtu anayepeleka sadaka. Hakunipa mimi. Alimpa Mzee Njoroge.

"Mzee, hii ilianguka Kangemi," akasema kwa sauti iliyokauka. "Kabla ya hapo ilikuwa inatoa moto kwa barabara. Tumepiga honi mpaka honi ikakufa."

Mzee akaishika. Akaitazama. Akatazama kofia yake. Niliona kabisa akirudi kichwani njia yote tuliyopita, yule mzee wa baiskeli, akina mama wa Kangemi, yule askari na firimbi. Kisha akaivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaingia kanisani na binti yake. Nilitamani uwanja upasuke unimeze. Nyokabi alipita mbele yangu ameuma kitambaa. Nilidhani analia kwa ajili yangu, mpaka nikaona mabega yanavyotetemeka. Alikuwa anacheka!

Baada ya ibada kila mtu alipata gari la kurudi Uthiru isipokuwa mimi. Langu nimeliacha kando ya ukuta wa kanisa na riboni zake. Nilirudi nyuma ya pikapu, katikati ya kwaya, ekzosi zote mbili magotini. Walinitazama njia nzima. Tulipopita Kangemi yule mzee wa baiskeli alikuwa bado yuko. Akanitambua. Sikupunga.

Kule Uthiru nikakaa mbali kabisa, karibu na zizi, na sahani ambayo sikuweza kuila. Moyoni nilikuwa nimeshakata tamaa ya Nyokabi. Nikaona kofia inakuja.

"Nimepungia watu mkono kutoka hapa mpaka mjini," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na polisi nimempigia saluti."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Akawatazama ng'ombe wake. Halafu nikaona yale meno tena, moja moja, anajaribu kuyaficha na hawezi.

"Nimewaoza mabinti wawili," akasema. "Hakuna siku nimefurahi kama leo, mpaka pale kanisani." Akajifuta macho kwa kofia. "Lete watu wako Jumamosi ijayo, tuongee. Lakini wakuje kwa miguu."

Ndiyo sababu nimewaita hapa Kenyatta Market wote, jamaa zangu. Watu wangu ni ninyi. Kutoka hapa mpaka Uthiru si mbali sana, tukianza alfajiri, na kilima ni kile kimoja tu. Ila msicheke, nawaomba, maana lazima tupeleke mbuzi, na yule niliyemnunua nikija hapa anakataa kutembea. Atakayecheka ndiye atakayembeba.